Kumtaja Maskini Mbele ya Wakwe

Siku ya kuniaga ofisini walinipa saa ya ukutani, doti mbili za kanga na hotuba ndefu. Mkuu wangu alisema nimewatoa watu wengi kwenye umaskini, ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga, maana usipopiga watu husema una kinyongo. Lakini nilikuwa naangalia chini. Wadogo zangu mnaobaki katika idara ya maendeleo ya jamii mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, nami nimekubali kwa kuwa sasa muda ninao, na kwa kuwa kuna jambo ambalo hotuba ile ililipita kwa mbali. Vyeo sitavitaja. Mishahara mnaijua.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, jirani na Nansio, na sasa nimejenga Buswelu kama wastaafu wengi ambao hawakuwahi kununua kiwanja mjini kilipokuwa rahisi. Kazi nilianzia Mwanza mjini, wakati serikali inabana matumizi na kuuza mashirika yake. Watu walikuwa wanapunguzwa kazi kwa makundi, na sisi maafisa wapya tukapewa jukumu la kuwafundisha namna ya kujiajiri. Nilikuwa na cheti kipya, viatu vya kuazima kwa dada yangu na bunda la karatasi za kaki za kuandikia mbele ya darasa.

Siku yangu ya kwanza niliingia ukumbini nikakuta wanaume watu wazima waliotoka kiwanda cha nguo, wengi wao wa rika la baba yangu. Nikawaamkia shikamooni, wakaitika, kisha nikaanza kuwafundisha kutengeneza sabuni ya mche. Baba mmoja aliyekaa mbele alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono kwa adabu.

"Binti, mimi nimeendesha mashine ya kusokota nyuzi tangu hujazaliwa. Sabuni hii nitamwuzia nani?"

"Utatafuta soko, baba."

"Soko ni sisi hapa. Na wote tumetengeneza sabuni."

Darasa zima lilicheka, naye akacheka, mimi nikageukia ubao. Kwa miezi kadhaa mtaa wao ulinuka magadi. Nilipita pale nikakuta miche ya sabuni imepangwa kwenye meza za nje, nyumba hadi nyumba, kila mtu anamwangalia jirani yake kama atanunua. Taarifa yangu ilisema mafunzo yamefanikiwa, na kwa kweli sabuni ilikuwa nzuri. Tangu siku hizo nilianza kuhisi kwamba kazi hii ni ya kuingia kwenye aibu za watu bila kubisha hodi, lakini nilikuwa kijana, nikadhani nitazoea.

Nilihamishiwa ng'ambo, upande wa Sengerema, na huko ndiko nilikokabidhiwa kwa Mzee Bundala. Alikuwa bwana maendeleo wa kata, mtu mfupi, mpole, mwenye buti za mvua alizovaa hata kiangazi kwa sababu ya nyoka. Ofisi ilikuwa na pikipiki moja iliyowaka kwa kusukumwa, na kipaza sauti kimoja ambacho betri zake tulizianika juani ili zipate nguvu ya mkutano mmoja zaidi. Mzee Bundala hakunifundisha kujaza taarifa, alisema hiyo nitajifunza mwenyewe kwa kuogopa. Alinifundisha kuingia kwenye mji wa mtu, kama huku wanavyoliita boma la familia.

"Usimwulize mtu amekula nini," aliniambia. "Atakwambia ugali na samaki. Nani atamwambia mgeni amelala njaa? Wewe kaa, pokea maji, uangalie jivu jikoni. Nyumba inayopika, jivu lake huzolewa kila asubuhi. Ukikuta jivu limekaa, limeshikamana kama udongo, basi umeshajibiwa."

Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu macho yangu huenda jikoni. Shemeji zangu wanasema nina umbeya.

Miaka ikapita, Mzee Bundala akakaribia kustaafu, mimi nikaja kuwa mwenyeji. Ndipo vyuma vikakaza. Mnakumbuka kipindi kile, ingawa wengine mlikuwa shuleni. Viwanda vya minofu ya samaki mjini vilipunguza watu, vingine vikafunga geti kabisa, na vijana wetu wakarudi vijijini na mabegi yao ya mgongoni kukuta wazazi nao hawana kitu. Pamba ilijaa ghalani, mnunuzi hakuonekana. Hata mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, ambayo zamani ilikuwa chakula cha asiyenacho, sasa ilikuwa inagombewa. Mwaka uliofuata mvua nazo zikatukimbia.

Serikali ikaleta mpango wa kunusuru watu. Kila kaya maskini itoe mtu mmoja wa kuchimba lambo la maji la kijiji, na kaya hiyo ipate mahindi mpaka mavuno. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na lambo lile bado linanywesha ng'ombe. Tatizo lilikuwa kwenye mwongozo. Mwongozo ulisema, kwa ajili ya uwazi, kaya maskini zitajwe kwa majina kwenye mkutano wa hadhara, wanakijiji wote wakiwepo, na mkutano upige kura kwa kunyoosha mikono. Aliyeuandika alikuwa anakimbia upendeleo, simlaumu. Ila sidhani kama aliwahi kukaa mkutano mmoja na wakwe zake.

Mkutano wa kwanza niliuendesha mimi. Nikaeleza, nikauliza, "Haya, nani kwenu ni maskini?" Watu wazima wakaangalia vidole vya miguu. Baada ya muda mrefu wakamtaja kichaa wa mwaloni, kule ngalawa zinakoshusha samaki. Halafu wakamtaja mama mmoja mgeni aliyetoka ng'ambo ya ziwa, hana ndugu pale. Mtu wa tatu waliyemtaja alikuwa marehemu. Nilifunga mkutano nikiwa na majina hayo matatu, na kijiji kina njaa ukikitazama machoni.

Mzee Bundala alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia, "Hapa watu wanajua nani hana. Kujua hakuna shida, shida ni kusema. Jambo likishasemwa mbele ya watu halirudi tena mdomoni. Kwa hiyo watafute watani."

Utani mnaujua. Mtu na mtani wake wanaweza kutukanana msibani na wala asikasirike mtu. Mtani anaweza kukwambia lolote mbele ya yeyote, na wewe huna ruhusa ya kununa. Mzee Bundala alikuwa anapita kwa watani kimyakimya kabla ya mkutano, anawaomba wafanye kazi yao. Kwenye mkutano mtani anasimama, anamtaja mwenzake kwa kumcheka, watu wanacheka, mikono inanyooshwa huku wanacheka, na mwandishi anaandika. Aliyetajwa anarudi nyumbani na heshima yake, maana alitaniwa tu. Na mahindi anapata. Nimekwenda semina nyingi zenye soda na posho, sijafundishwa njia bora kuliko hiyo.

Basi nilianza kupita kwenye miji mwenyewe, na ndivyo nilivyofika kwa Mzee Masalu.

Mji wake ulikuwa mwinuko kidogo, unaonekana kutoka barabarani, na kila jioni moshi ulipanda kutoka zizini kama kwa mfugaji yeyote anayefukiza mbu wasisumbue ng'ombe. Zamani alikuwa mtu wa ng'ombe wengi. Nilipokelewa na mkewe, Mama Kulwa, akanipa kigoda na maji ya kunywa. Jivu jikoni lilikuwa limekaa. Wajukuu walikuwa wamelala kivulini mchana kweupe, na watoto wenye afya hawalali saa zile. Nikamwomba Mzee Masalu anionyeshe zizi. Akasita, akanipeleka. Miiba ya uzio ilikuwa mipya, imepangwa vizuri. Ndani nyasi zilikuwa zimeota mpaka magotini, hapakuwa na samadi ya karibuni, ila pale katikati palikuwa na alama nyeusi ya moto.

"Wako malishoni," alisema.

Tulisimama pale tunaangalia nyasi. Mwishowe akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Mama maendeleo, mwanangu Kulwa ameolewa kwa Shija, mji ule pale. Walinipa ng'ombe. Wengine wamekufa kwa ukame, wengine niliuza mama yake alipolazwa Sengerema. Mumewe Kulwa ni kijana mwenye mkono mwepesi. Akijua sina ng'ombe wa kurudisha, atajua mwanangu hana pa kurudi."

Nilielewa. Mimi pia ni binti wa mtu na niliolewa kwa mahari. Ule moshi haukuwa majivuno ya mzee aliyefilisika. Msichana anayejulikana kwamba baba yake anaweza kurudisha mahari siku yoyote, huyo mumewe humheshimu, hata kama si kwa mapenzi. Kila jioni Mzee Masalu alikuwa anawasha moto ili binti yake asipigwe.

Mtani wake alikuwa Bi. Nyanzala, mjane wa makamo aliyekuwa anaanika dagaa mwaloni, mwanamke mwenye mdomo unaojulikana vijiji vyote vya jirani. Nilimfuata nikamweleza. "Nimejua siku nyingi," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu aniombe."

Siku ya mkutano Mzee Shija alikaa mstari wa mbele na wanawe, akiwemo mumewe Kulwa. Bi. Nyanzala alisimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Mwenyekiti, mimi namtaja huyu Masalu. Ni maskini wa kutupwa. Hiyo suruali aliyovaa ni ya babu yangu, na hajairudisha. Kule zizini kwake anafuga mbu. Ule moshi mnaouona jioni anawafukizia mbu wake wasitoroke."

Mkutano ulivunjika mbavu. Mzee Shija alicheka akashika tumbo. Mzee Masalu akainuka, naye anacheka, "Mwenyekiti, mwandike haraka. Nisipopata mahindi, huyu nitamlisha nini akija kula kwangu kila siku?"

Mikono ikanyooshwa kwa vicheko, mwandishi akaandika. Bi. Nyanzala alipokaa niliona anajifuta uso kwa ncha ya kanga, na haikuwa kwa kucheka. Jumatatu Mama Kulwa alifika lamboni na jembe lake. Wiki ile jivu lilizolewa. Mimi nilijiona fundi, na sitaficha kwamba nilijisifu kwa mume wangu.

Miezi ile Mzee Bundala akastaafu, akaniachia pikipiki na buti zake, ambazo hazikunitosha. Huko juu nako fedha za mpango zikapungua, likaja agizo la uhakiki. Kila wilaya ipunguze kaya zisizostahili. Tukaletewa kijana mmoja, nitamwita Deo, msomi, mchapakazi, mwenye heshima zake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linanisumbua zaidi kuliko angekuwa mbaya. Alikuwa amesikia wilayani kwamba kijijini kwetu watu wanaingizwa kwenye mpango kwa mizaha, na kwamba yuko mwenye zizi anayekula mahindi ya serikali. Nilimweleza habari ya watani tukiwa njiani. Alicheka, akasema ni utamaduni mzuri, tuuandikie makala. Nilidhani ameelewa.

Mkutano wa uhakiki uliitishwa mchana, na waliokuwa wanachimba lambo walikuja moja kwa moja na udongo miguuni. Nilikuwa nimesimama pembeni ya Deo, kipaza sauti nimekishika mimi, namwekea mdomoni kila anapotaka kusema. Aliwapitia watu vizuri mpaka akafika kwa Mzee Masalu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana."

"Mzee, nimeambiwa una zizi. Na nimeambiwa mtani wako alikutaja kwa utani. Sasa leo tuache utani, serikali inataka ukweli. Ng'ombe unao, au wewe ni maskini kweli?"

Mzee Shija hakuwa anacheka. Mumewe Kulwa aligeuka kabisa kumtazama baba mkwe wake, na kugeuka kule ndiko kulikomaliza mambo. Mzee Masalu alisimama taratibu, akavua kofia.

"Alikuwa anatania," alisema. "Ng'ombe ninao. Wako kwa ndugu yangu, upande wa Geita, huko kuna majani."

Bi. Nyanzala alisimama upande wa wanawake. "Kijana, ngoja nikwambie—"

"Mtani," Mzee Masalu alisema bila kupaza sauti. "Kaa."

Akakaa. Mama Kulwa alikuwa nyuma ameegemea jembe, akawa anaukwangua udongo kwenye mpini kwa ukucha. Deo akamshukuru mzee kwa uaminifu wake, akaomba apigiwe makofi. Na watu wakapiga, wadogo zangu. Walipiga kwa sababu walikuwa wanampenda.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Ningesema neno moja, mahindi yangebaki na Kulwa angekuwa hana pa kurudi. Sikusema, Kulwa akabaki na heshima yake na nyumba ya baba yake ikakosa chakula. Nimekaa miaka nikilipindua jambo hili na bado sijui lipi lilikuwa sawa. Ninachojua ni kwamba nilikuwa naangalia swichi ya kipaza sauti kana kwamba sijawahi kuiona.

Njiani tukirudi nilimwambia Deo yote, zizi, nyasi, Kulwa. Alisimamisha gari.

"Dada, nakuamini. Lakini mwenyewe amekana mbele ya watu wote. Mimi niandike nini?"

"Andika kwamba tumemwuliza vibaya."

Alifikiri kweli, sikatai. "Anaweza kukata rufaa," alisema.

"Rufaa inasikilizwa wapi?"

Akawasha gari, maana mwongozo alikuwa anaujua. Rufaa ilikuwa inasikilizwa kwenye mkutano wa hadhara.

Nilizunguka kutafuta njia nyingine. Parokiani walinipa unga kidogo, nikaupitisha kwa Bi. Nyanzala. Yeye alikuwa anapanda kule kwenye mwinuko na ungo wa dagaa kichwani, anatangaza barabara nzima kwamba anawapelekea mbu wa Masalu chakula. Watu walicheka, ila si kama mwanzo. Mama Kulwa akaanza kushinda mwaloni akianua dagaa za watu apate fungu. Havikutosha. Wajukuu waligawanywa kwa ndugu, huyu Buchosa, huyu Geita, yule mdogo kabisa sikuambiwa alikopelekwa, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nyumba ile ilikuwa ya watoto, ikabaki ya wazee wawili. Moshi uliendelea kupanda jioni.

Karibu na mavuno nilikwenda kuwaona. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Nilitaka kulaumiwa, kusema kweli, ningepumua. Mzee Masalu alikuwa amekonda mpaka mashati yanamzidi, lakini alinipokea kwa kunishika mikono yote miwili. Mama Kulwa akaniwekea kigoda, akaenda nyuma ya nyumba.

"Mama maendeleo," mzee alisema, "siku ile ulikuwa umeshika kipaza sauti. Nilikuona. Ulikuwa unajua, na ulininyamazia. Kulwa yuko kwake, anaheshimiwa, juzi ametuletea mjukuu wa kike. Nilikuwa nakutafuta nikushukuru."

Mama Kulwa alirudi ameshika kuku, tetea mwekundu, miguu imefungwa kwa katani. Akapiga goti kidogo, akanikabidhi. Nilitazama ule mji wote. Hapakuwa na kuku mwingine, wala kifaranga.

Mnajua kwamba kuku wa heshima hakataliwi. Kumkataa kungekuwa kumwambia yule mzee, ndani ya mji wake, lile ambalo alikuwa ameacha wajukuu watawanyike ili lisisemwe. Nilimpokea kwa mikono miwili. Nilisema asante. Mzee Masalu alifurahi, akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akamfunga kuku mwenyewe nyuma ya kiti ili asidondoke.

Nilivuka naye kwenye kivuko mpaka nyumbani Mwanza, familia yangu ilikokuwa. Wanangu walishangilia, hali ilikuwa ngumu hata kwetu. Nilimchinjisha kwa jirani, nikamnyonyoa, nikampasua. Kwenye firigisi mlikuwa na mchanga mtupu, hakuna hata punje moja ya mahindi. Niliiosha. Nikampika, tukakaa mkekani, na mume wangu akauliza mbona sili. Nikala.